Barua ya wazi: Upasuaji rekebishi upewe nafasi mikoani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Na wakuu wa vyuo vikuu vya tiba nchini.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji wa jumla, nafanya kazi katika hospitali ya rufaa ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Nina ombi moja, na ninalitanguliza ili lisipotee katikati ya maelezo: wekeni nafasi za madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wanaorekebisha ngozi na nyama zilizopungua au kuharibika, katika ikama (orodha ya nafasi za kazi) ya hospitali za rufaa za kanda na za mikoa, na muwasomeshe vijana wa kuzijaza. Siombi jengo wala mashine ya mabilioni. Naomba watu, na cheo chao kitambuliwe katika utumishi wa umma mahali ambapo wagonjwa wao wapo.

Miaka hii ya karibuni Watanzania wengi wameijua fani hii kupitia habari za urembo: kupunguza tumbo, kuinua matiti, kuongeza makalio. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipotangaza huduma hizo, watu walizipokea kwa maswali mengi, na la kwanza lilikuwa bei. Sina neno baya juu ya huduma hiyo, na nitaizungumzia mbele. Lakini wagonjwa wa fani hii ninaowaona mimi wamekuja kwa habari nyingine. Yupo mtoto wa miaka mitatu aliyevuta sufuria ya uji kutoka kwenye mafiga. Yupo mama mwenye kifafa aliyeangukia motoni akipika, mchana, akiwa peke yake. Yupo kijana wa bodaboda ambaye mfupa wa muundi wake unaonekana kwa macho. Yupo mtoto mchanga aliyezaliwa na mdomo wazi, ambaye bibi yake amemfunika kanga usoni tangu kijijini ili abiria wenzake wasimwone.

Niwaeleze kinachompata yule mtoto wa uji, maana ndiye anayejirudia zaidi wodini. Akifika mapema, siku za mwanzo tunazimudu. Maji ya mishipani tunayapigia hesabu kwa kanuni tuliyofundishwa sote: mililita 4 kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua, nusu yake iingie ndani ya saa 8 tangu aungue. Tunasafisha, tunafunga, tunampa dawa ya maumivu iliyopo. Wauguzi wetu wameokoa watoto wengi hivyo, na wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Shida huanza baadaye. Jeraha la moto lililozama, ambalo wiki ya tatu imefika halijafunga, halitapona vizuri lenyewe. Linataka ngozi ya kupandikiza, na ingefaa zaidi nyama iliyokufa ingeondolewa na ngozi kupandikizwa mapema, ndani ya siku za kwanza. Mimi daktari wa jumla naweza kuchukua ngozi pajani nikaiweka mgongoni au kwenye paja jingine. Shingo, kwapa, kope za macho na vidole vya mtoto vinataka mkono uliofundishwa kwa ajili hiyo.

Kovu la moto halitulii likishafunga. Linaendelea kujikunja kwa miezi, na mtoto naye anaendelea kukua. Kidevu kinavutwa kuelekea kifuani, mdomo haufungi, mate yanachuruzika. Kiwiko kinakunja kisikunjuke. Baada ya mwaka mama anamrudisha na kusema, “Daktari, kidonda kilipona vizuri, ila mwanangu hawezi kushika kijiko.” Kwenye daftari la wodi mtoto huyo aliandikwa kuwa amepona.

Daktari wa rekebishi angeyajua haya tangu wiki ya kwanza: apandikize wapi kwanza, kiungo akifunge kwa banzi katika mkao gani, na banzi likae miezi mingapi. Na kovu likiwa limeshajikunja, analikata kwa umbo la herufi Z kisha anabadilishana zile kona mbili za ngozi. Pembe zikiwa za nyuzi 60, kwa hesabu ya kitabuni urefu wa kovu huongezeka kwa asilimia 75. Kazi hiyo inahitaji kisu, uzi na dawa ya usingizi, navyo tunavyo. Ni kweli kwamba mtaalamu wa usingizi atakuambia shingo iliyogandamana na kifua ni kati ya kazi zinazomtia hofu kubwa, kwa sababu kupitisha mrija wa hewa kooni kunakuwa kugumu. Ndiyo maana mtoto aliyecheleweshwa anawekwa hatarini mara ya pili, siku ile ile tunapojaribu kumsaidia.

Sasa yule kijana wa bodaboda. Hospitali zetu zimejaa miguu iliyovunjika chini ya goti, na mingi imevunjika mfupa ukiwa wazi. Madaktari wa mifupa wanajitahidi. Wanaosha, wanaweka vyuma vya nje, mfupa unanyooka. Lakini mfupa ulioambuliwa nyama na utando wake haushiki ngozi ya kupandikiza, kwa kuwa ngozi hiyo haipati damu ya kuishi. Lazima ufunikwe kwa nyama inayokuja na mshipa wake wa damu. Theluthi ya juu ya muundi hufunikwa kwa msuli wa shavu la mguu uliozungushwa mbele. Theluthi ya kati hufunikwa kwa msuli ulio chini ya huo. Theluthi ya chini, karibu na kifundo, ndiyo ngumu: hapo hugeuzwa ngozi ya nyuma ya mguu ikiwa bado imeshikana na mishipa yake, au huletwa msuli kutoka mbali, mgongoni kwa mfano, na mishipa yake kuunganishwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mbili za kwanza zinawezekana katika chumba chochote cha upasuaji cha hospitali ya mkoa, na zinatakiwa zifanyike ndani ya siku chache kabla wadudu hawajaweka makazi kwenye mfupa.

Siku hizo chache ndizo zinazotushinda. Tunaandika rufaa. Ndugu wanatafuta nauli, wanauza mbuzi, wanachangishana. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mgonjwa akifika anakuta foleni ya wenzake kutoka nchi nzima, mfupa umeshaoza, na kinachobaki ni kuukata mguu. Wengine hawasafiri kabisa. Wanakatwa hapa hapa. Ni miguu ya vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye wake na watoto, na chombo cha kazi kilichokopwa. Miguu mingi kati ya hiyo ilistahili kubaki, na Serikali haina namna ya kuona hasara hiyo kwenye takwimu zake, kwa sababu kwenye taarifa inaandikwa tu kuwa upasuaji umefanyika.

Waheshimiwa, tuzungumze juu ya mtu anayetakiwa kufanya kazi hii. Anaanza mbali. Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini. Akipitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, anasoma upasuaji wa msingi miaka 2 na rekebishi yenyewe miaka 3. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina shahada ya uzamili katika fani hii, na wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiitumia. Hata asipopoteza mwaka hata mmoja njiani, kijana aliyetoka kidato cha sita atavuka miaka thelathini kabla ya kuitwa bingwa. Na katika miaka hiyo hajifunzi kiungo kimoja. Bingwa wa moyo ana moyo wake, wa figo ana figo zake. Huyu anaitwa popote ngozi na nyama vilipopungua au kuharibika: kichwani, mdomoni, titini baada ya saratani, mkononi, kwenye kidonda cha mgongo cha mtu aliyepooza. Akiwapo, daktari wa mifupa, wa saratani, wa wanawake na mimi wa jumla, sote kazi zetu zinakuwa bora.

Tuna daktari kijana hapa kwetu ambaye mikono yake imeumbwa kwa kazi hii. Ana subira, anashona ngozi ya uso wa mtoto kana kwamba ana siku nzima. Aliponiambia anataka kusomea rekebishi nilifurahi. Wiki iliyofuata wakubwa wake wawili, watu wenye nia njema, walimshauri achague mifupa au mfumo wa mkojo. Hoja yao ilikuwa kwamba akirudi na cheti cha rekebishi atapangiwa kazi kama daktari wa upasuaji wa jumla, kwa kuwa mkoa hauna nafasi yake, na atamaliza ujana akipasua ngiri na mabusha. Ama aende Dar es Salaam, hospitali binafsi, afanye urembo. Sikuwa na la kuwajibu, kwa sababu namfahamu mwenzetu ambaye yalimkuta hayo hayo. Alirudi na ujuzi ambao mkoa mzima haukuwa nao, akakaa miaka bila kifaa cha kuchukulia ngozi, bila siku yake ya chumba cha upasuaji, bila cheo kinacholingana na elimu yake. Akaondoka. Simlaumu hata kidogo. Ana wazazi wa kuwatunza na watoto wa kuwasomesha kama mtumishi mwingine yeyote.

Hii si bahati mbaya ya soko ambayo Serikali haiwezi kuigusa. Ukiangalia ilikotoka fani hii ya kisasa, utaona kila hatua kubwa ilifuata uamuzi wa mwenye mamlaka. Mwaka 1917 Uingereza ilifungua hospitali huko Sidcup kwa ajili ya askari waliovunjwa nyuso vitani, na Harold Gillies akapewa vitanda, wasaidizi na wagonjwa. Ndipo alipoendeleza mbinu ya kuhamisha ngozi ikiwa imeviringwa kama bomba ili isikose damu. Vita vya Pili vilipokuja, binamu yake Archibald McIndoe alipewa kituo East Grinstead kwa marubani walioungua. Hawakusubiri wagonjwa wenye fedha wajitokeze ndipo fani ikue. Serikali iliona watu wake wameharibika, ikaweka nafasi.

Na mnyororo huo ulifika hadi kwetu. Michael Wood, daktari aliyejifunza kwa McIndoe, alikuwa akiishi Afrika Mashariki na kurusha ndege mwenyewe kwenda kupasua walioungua, walioraruliwa na wanyama na wenye midomo wazi katika hospitali za misheni. Mwaka 1956, kwenye shamba lake la Ol Molog katika miteremko ya Kilimanjaro, yeye, McIndoe na Tom Rees wa New York walipanga shirika la madaktari warukao. Mwaka 1957 likaanzishwa, na leo tunalijua kama Amref. Watatu wote walikuwa madaktari wa upasuaji rekebishi. Shirika kubwa la afya katika bara hili lilitokana na watu wa fani hii, waliokaa kwenye ardhi yetu wakiwafikiria wagonjwa wetu. Karibu miaka sabini imepita, na mikoa mingi bado inasubiri kambi za wageni waje kwa wiki moja wafanye walichoweza. Nawashukuru wageni hao, na mashirika yanayogharamia watoto wenye midomo wazi yanafanya kazi ya thamani. Ila moto hausubiri kambi. Mtoto aliyeungua wiki moja baada ya wageni kupanda ndege ataishi na kovu lake hadi mwaka ujao.

Nilisema nitarudi kwenye urembo. Wapo wenzangu wanaouona kama anasa inayoiba madaktari. Sikubaliani nao. Mwanamke aliyezaa watoto watano na tumbo likalegea hadi ngozi ikatoa vidonda kwenye mkunjo ana haki ya kutibiwa. Mwenye matiti mazito yanayomvunja shingo na mgongo naye pia. Na mtu mzima anayetaka tu kubadilisha pua yake, kwa fedha yake, kwa daktari aliyesomea, hadhulumu mtu. McIndoe na Rees wote wawili walikuwa na wateja wa urembo waliolipa vizuri, na hawakuacha kuwatibu walioungua. Mkono ni ule ule. Anayejua kuinua ngozi ya uso wa tajiri bila kukata neva ndiye anayejua kumrudishia kope mwenye nyumba iliyoungua.

Kinachonisumbua ni kwamba tumeruhusu fedha peke yake iamue mkono huo ukae wapi. Ndipo naomba jambo la pili, ambalo linatokana na lile la kwanza: kila hospitali ya umma inayotoza upasuaji wa urembo itenge sehemu ya mapato hayo, kwa kanuni iliyoandikwa na kukaguliwa, kwa ajili ya walioungua na wenye majeraha wasioweza kulipa. Ngozi ya kupandikiza, mabanzi, bandeji, fiziotherapia ya miezi sita. Aliyelipia kupunguziwa tumbo atakuwa amelipia pia mkono wa mtoto wa Geita, na nadhani wengi wangefurahi kujua hivyo. Na bima nazo ziwekewe mwongozo. Mara nyingi tunaandika kuwa tunafungua kovu linalovuta kiwiko, tunajibiwa kuwa urembo haulipiwi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Kitita chake kitaje waziwazi kwamba kurejesha kazi ya kiungo ni tiba.

Kwa Baraza la Madaktari nina neno pia. Tukizembea kuwatambua na kuwapanga mabingwa wa kweli, nafasi yao inajazwa na wasio wao. Kuna watu wanachoma sindano za makalio na midomo kwenye vyumba vya saluni, na wateja wao hawana namna rahisi ya kujua nani amesomea. Kuhamishia mafuta makalioni kuna hatari ambayo hata mabingwa wanaiogopa: mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya ndani ya msuli, yanakwenda kuziba mapafu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa fani hiyo lilikadiria kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo, kiwango kikubwa mno kwa mtu aliyeingia hospitali akiwa mzima. Nairobi mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta, na mamlaka za Kenya zikaifunga kliniki husika. Orodha ya madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi wenye leseni iwekwe mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiona, kwa Kiswahili, jina na kituo cha kazi. Halafu wasio kwenye orodha wazuiwe kujitangaza.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Majeruhi walikimbizwa Muhimbili, na waliowahudumia walifanya kazi kubwa. Morogoro iko chini ya kilomita 200 kutoka Dar es Salaam. Malori ya mafuta yanapita kila siku Singida, Nzega, Kahama, hadi Rusumo. Naomba kila mmoja wenu ajiulize, lori kama lile likipinduka Nyakanazi, majeruhi sabini watalazwa wapi usiku huo, na nani atajua kuchana ngozi iliyoungua ikakakamaa kuzunguka kifua ili mtu apumue.

Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza Afrika kuandika mpango wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na usingizi, wa 2018 hadi 2025. Muda wake umekwisha. Katika mpango unaofuata, tajeni upasuaji rekebishi kwa jina lake, na muweke idadi. Anzeni na hospitali za kanda: Bugando, KCMC, Mbeya, Mtwara, Chato, pamoja na Benjamin Mkapa pale Dodoma. Mabingwa wawili wawili kila mahali, maana mmoja peke yake hawezi kwenda likizo wala kuugua. Ufadhili wa masomo ya ubingwa bobezi unaotolewa sasa kwa jina la Rais utenge viti vya fani hii kila mwaka, na mkataba wa mfadhiliwa utaje kituo atakachorudi, pamoja na ahadi ya upande wa pili: siku mbili za chumba cha upasuaji kwa wiki, kifaa cha kuchukulia ngozi, muuguzi mmoja aliyefunzwa majeraha ya moto na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia. Tunawafunga vijana kwa mikataba inayowataka warudi, bila mwajiri kujifunga kuwapa cha kufanyia kazi. Vyuo vyetu navyo vifungue mafunzo haya hapa nchini, walimu wachache tulio nao wakiwa bado wana nguvu za kufundisha.

Idara ya Utumishi inajua kuliko mimi namna kada mpya inavyoingizwa katika muundo, na kwamba hospitali haiwezi kuomba kibali cha ajira ya mtu ambaye muundo haumtambui. Waganga wafawidhi wengi wangemwomba daktari huyu kesho kama fomu ingekuwa na mstari wake. Naomba mstari huo uwekwe kabla ya ikama ya mwaka ujao wa fedha kufungwa, na barua ya kuutangaza ifike mikoani mapema, ili madaktari vijana wanaojaza fomu za masomo mwaka huu waione kabla hawajachagua.

Wenu katika kazi,

Daktari bingwa wa upasuaji,
Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa